Hewa, Mafusho na Mapipa: Maswali ya Mafundi kuhusu Mashine ya Plazma

Mashine za kukatia chuma kwa plazma, yaani hewa iliyogeuzwa na umeme kuwa ulimi wa moto mkali, zimeshuka bei kiasi kwamba karakana nyingi za mageti na madirisha, zilizozoea grainda na mitungi ya oksijeni na asetilini, sasa zinazo. Maswali yafuatayo yameletwa na mafundi wanaotumia mashine ndogo za kushika kwa mkono, zinazolishwa hewa na kompresa. Mengi yao, ukiyachunguza, yanahusu hewa: ile inayoingia kwenye mashine au ile anayoivuta fundi.

Mashine yangu ni ya amperi 40. Mwanzoni ilikata vizuri, lakini sasa nozeli (ncha yenye tundu la kutolea plazma) na elektrodi (kijiti cha ndani kinachobeba umeme) hazimalizi hata siku mbili, na tochi, yaani mkono wa kukatia, inakoroma. Muuzaji anasema ninunue vipuri halisi. Je, tatizo ni vipuri? (Fundi wa mageti, Tanga)

Vipuri hafifu vimejaa madukani, lakini kwa mtu wa Tanga mimi ningeanza na koki iliyo chini ya tangi la kompresa. Ifungue asubuhi kabla ya kuwasha. Yakitoka maji yenye rangi ya kutu, huenda sababu umeshaipata. Hewa ya pwani imebeba unyevu mwingi, na ikishabanwa na kompresa kisha ikapoa, unyevu huo hugeuka maji. Ndani ya tochi hewa hiyo hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: sehemu yake hugeuzwa na umeme kuwa plazma yenye joto linaloweza kufika nyuzi 20,000 za Selsiasi, na sehemu iliyobaki hupita pembeni kuzipoza nozeli na elektrodi, ambazo ni za shaba na zisingestahimili bila upepo huo. Maji yakiingia, ulimi wa plazma huyumba, hugusa ukingo wa tundu la nozeli na kuula, na huko ndiko kukoroma unakokusikia.

Mafundi wengi hufunga chujio la maji palepale kwenye kompresa, mahali ambapo halisaidii sana, kwa sababu hewa inayotoka hapo bado ni ya moto na unyevu wake bado ni mvuke unaopita bila kunaswa. Lifunge karibu na mashine, baada ya mita kadhaa za bomba au mpira ambamo hewa imepata nafasi ya kupoa, na umwage maji ya tangi kila siku. Kisha pima: weka mashine kwenye hali ya kupitisha hewa tu, bila kubonyeza kitufe cha tochi, na uielekeze hewa hiyo kwenye kipande cha kioo. Kioo kikipata ukungu, hewa ina maji. Kikipata utando wa mafuta, kompresa yenyewe inahitaji fundi. Presha nayo isome hewa ikiwa inatoka, maana geji ikisomwa hewa ikiwa imetulia hudanganya. Mashine nyingi za ukubwa huu huhitaji takriban baa 4.5 hadi 5.5, lakini fuata kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine yako.

Halafu itazame elektrodi kwenye ncha yake. Katikati ya shaba kuna kitone cha metali iitwayo hafniamu, ambacho huliwa kidogo kila tochi inapowashwa, na ndiyo maana kuwasha hewani ili kuwaonyesha watu ni kuchoma pesa. Shimo la kitone hicho likikaribia kina cha milimita 1.5, itupe elektrodi pamoja na nozeli yake. Tundu la nozeli likiacha kuwa duara, mkato utakwenda mshazari hata kama mkono umenyooka.

Mimi ni mwanagenzi. Mwenye karakana anasema plazma haihitaji kofia ya kuchomelea, miwani ya jua inatosha. Ni kweli? (Kariobangi, Nairobi)

Nusu yake ni kweli. Kioo cha kuchomelea cha namba 10 au 11 ni cheusi mno kwa kazi hii. Fundi haoni mstari aliouchora, kwa hiyo anakifunua, na hapo ndipo anapoumia. Kwa amperi 20 hadi 40 kinachopendekezwa ni kioo cha namba 5, na kwa amperi 40 hadi 60 ni namba 6, pamoja na ngao ya uso inayozuia cheche. Miwani ya jua haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Madhara huja usiku: macho huwasha kana kwamba yana mchanga, hutiririka machozi na kuukataa mwanga. Vipande vya kiazi vinavyowekwa machoni hupoza kidogo tu, havitibu. Mkumbushe mwenye karakana, kwa adabu, kwamba sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

Nikikata mabomba ya mabati mchana, jioni napata homa na baridi, na mdomoni nasikia ladha ya chuma. Wenzangu wananishauri ninywe maziwa kabla ya kazi. (Msomaji, Morogoro)

Zinki iliyopakwa kwenye bomba huchemka ikifika nyuzi 907, ilhali chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 hivi. Kwa hiyo kabla chuma hakijaanza kukatika, zinki imeshapanda hewani, ikageuka moshi mweupe, na wewe umeuvuta. Homa yake huanza saa chache baadaye na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Inafanana sana na malaria, na wapo wanaomeza dawa za malaria bila kupima. Nenda ukapime, na umweleze daktari kazi uliyoifanya siku hiyo. Ukibanwa na pumzi, usisubiri kuche.

Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na mafusho huenda mapafuni. Imani hii nimeikuta katika karakana nyingi, na ubaya wake ni kwamba aliyekunywa maziwa hujiona amekingwa, akainama juu ya moshi bila wasiwasi. Kinachosaidia ni kukatia nje au mahali penye feni inayovuta moshi, kusimama upande upepo unakotokea ili moshi usipite usoni, kuikwangua zinki kwenye mstari wa mkato huku umevaa barakoa, na kuvaa kipumulio chenye vichujio vya P3 au P100, madaraja yanayonasa chembe ndogo sana. Kitambaa hakizuii chembe ndogo kiasi hicho. Chuma cha pua ni hatari zaidi, kwa kuwa moshi wake hubeba kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Na mwaka 2017 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliyaweka mafusho ya uchomeleaji kwa ujumla katika kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Wateja huniletea mapipa ya dizeli niyakate kwa ajili ya majiko na ya kunyweshea mifugo. Nikiyaacha wazi juani wiki nzima, je, ni salama? (Fundi, Mwanza)

Si salama, na hata mwezi mzima usingetosha. Mafuta hubaki kwenye mikunjo ya mdomo na kitako cha pipa na chini ya kutu, mahali ambapo jua halifiki. Dizeli ikiwa baridi haiwaki kwa urahisi, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Ulimi wa plazma huipasha mabaki hayo, yakatoa mvuke, huku tochi yenyewe ikipuliza hewa ndani ya pipa na kuuchanganya mvuke huo vizuri kwa ajili ya kulipuka. Kitako hung'oka na kuruka, na anayekuwa mbele yake kwa kawaida ni fundi au mtu aliyemshikia pipa. Kuliacha wazi hakuondoi hatari hiyo. Mapipa ya mafuta ya kula na ya rangi nayo yaingize katika hesabu hiyo hiyo.

Likate kwa patasi baridi na nyundo, si kwa grainda, maana nayo hutoa cheche. Mteja akishikilia plazma, ikatae kazi hiyo. Najua jirani ataichukua, lakini bei ya kukata pipa hailipi hata kitanda cha wodini.

Mashine huzima yenyewe katikati ya kazi, kisha baada ya muda inarudi. Imeharibika? (Arusha)

Huenda imechoka tu. Kibandikoni utakuta asilimia ya muda inaoweza kukata bila kupumzika: 60 maana yake ni kukata dakika 6 katika kila dakika 10, na kwa kawaida hupimwa katika joto la nyuzi 40. Iache ipoe ikiwa imewashwa ili feni iendelee kuzunguka. Vivyo hivyo, ukiachia kitufe usizime umeme papo hapo. Hewa inayoendelea kutoka inaipoza tochi. Kama inazima hata ikiwa baridi, kagua waya wa kuunganishia: mwembamba na mrefu hupunguza volti.

Chini ya mkato kunabaki ganda gumu, na cheche zinanirukia. (Bagamoyo)

Cheche zikirudi juu, moto haujapenya: ama unaipeleka tochi haraka mno, ama klampu ya ethi (kibanio cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine) imeng'ata rangi au kutu. Ganda jembamba na gumu ni la mwendo wa haraka. Nene linalobanduka kwa kugongwa kidogo ni la mwendo wa polepole. Klampu ibane kwenye chuma kinachobaki, usiibane kwenye kipande kitakachoanguka. Ukianza katikati ya bamba, laza tochi kidogo ili chuma kinachoyeyuka kirukie upande usio wako, kisha inyanyue taratibu hadi isimame wima.

Tochi ilikataa kuwaka, fundi umeme akaunganisha nyaya mbili na sasa inawaka vizuri. Nimeambiwa ni hatari. (Dar es Salaam)

Umeambiwa kweli. Nyaya hizo ni za kihisi kinachozuia umeme kufika kwenye tochi kofia yake, ile inayoshikilia nozeli, ikiwa imefunguliwa. Mashine ya kuchomelea ikiwa haijaanza kuunguza huwa na volti 80 hivi, lakini ya plazma hupita 200 na mara nyingi hukaribia 300 au zaidi, umeme wa kuua. Kihisi kikiwa kimerukwa, anayebadilisha nozeli huku kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya anaushika umeme huo mkononi. Zirudishe nyaya zilivyokuwa, kisha itafute sababu halisi, ambayo mara nyingi ni kofia isiyokazwa hadi mwisho. Hata kihisi kikiwa kizima, zima swichi ya mashine kila unapobadilisha vipuri. Na atakayeifungua mashine kwa ndani kupuliza vumbi la grainda achomoe plagi na asubiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko, kwa sababu kapasita, vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya taa zote kuzimika.