Mhusika Akizeeka: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba sasa wewe ndiye unayeendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, ule ambao kila mmoja mezani huigiza mhusika wake na kurusha dadu. Umeniuliza iwapo ni haki, kwa kuwa hadithi yenu imeruka miaka ishirini, kumpunguzia askari anayeigizwa na mwenzako alama za nguvu, ilhali toleo la tano mnalolitumia halina kanuni ya namna hiyo. Mimi ningeuliza kwanza ni nani hapo mezani ambaye hatazeeka.

Mwaka 2001, tukiwa wanafunzi Wisconsin, jimbo la Marekani ambako mchezo huo ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, tulicheza toleo la tatu. Jedwali lake lilisema kwamba binadamu akifika miaka 35 hupoteza alama moja moja ya nguvu, wepesi na ustahimilivu. Akifika 53 hupoteza mbili mbili zaidi. Na kila mara huongezewa moja moja ya akili, hekima na haiba. Askari wangu alikuwa na miaka 34. Hadithi iliporushwa miaka ishirini, kama yenu, nikaivuka mipaka yote miwili kwa mkupuo: nguvu zikashuka kutoka 16 hadi 13, na nyongeza ya dadu nipigapo kwa upanga kutoka tatu hadi moja. Baba yako alicheza elfi (kiumbe wa ngano aishiye karne nyingi) wa miaka 130, ambaye umri wa makamo kwake huanza 175, kwa hiyo hakupoteza hata alama moja. Tulipofika kwenye lango la chuma akaniambia, "Bibi, kaa nyuma ushike taa." Sasa umejua ile taa ilianzia wapi.

Mzee hapimwi kwa kifua. Nimekuambia mara ngapi? Babu yako wa Pangani alivuta juya akiwa na miaka 70. Lakini nikisema hivyo najipinga mwenyewe, maana hata ile hekima ya bure ilinikera: si kila mwenye mvi ana busara, na ami yako tunamjua. Tena, ikiwa askari hapotezi chochote, miaka ishirini hiyo imempitia wapi? Labda mchezaji mwenyewe achague alama ipi ipungue na ipi iongezeke, kwa kueleza askari wake aliishije muda wote huo. Labda.

Sitakuamulia, kwa kuwa meza ni yako na dadu ni zako, ingawa kalamu inaniwasha. Ila kama kuna mwenye elfi, naye ashike taa kwa zamu.

Mama yako