Mtoto njiti anasubiri kilo ndo achanjwe?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimejifungua mtoto njiti wa wiki 31, alitoka na kilo 1.4, tukakaa wodini namlea kwa kangaruu, kifuani ngozi kwa ngozi, mpaka tukaruhusiwa, BCG ya kifua kikuu na matone ya polio alipewa siku ile ya kutoka. Sa hivi ana wiki 7 na kilo 2.3. Juzi nimempeleka zahanati, nesi kaangalia kadi akasema huyu bado, nihesabu wiki 6 kuanzia tarehe aliyotakiwa azaliwe. Na mama mkwe naye anasema mapaja yenyewe haya sindano mbili zitaingia wapi, asubiri afike kilo 3. Nimsikilize nani? – Mama Njiti, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba mama, na hongera, kutoka 1.4 mpaka 2.3 kwa kangaruu na maziwa yako si mchezo.

Chanjo za njiti zinahesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa, basi. Ile tarehe ya matarajio inatumika kwenye mambo ya ukuaji, lini atakaa, lini atatambaa, kwenye chanjo haihusiki. Hebu piga hesabu ya huyo nesi: tarehe yako ya matarajio ni wiki 9 baada ya kujifungua, ongeza 6, mtoto anachomwa ya kwanza akiwa na wiki 15, wakati wiki ya 14 ndo wenzake wanamaliza ya tatu!

Na njiti ndo hasa hatakiwi kusubiri, maana kinga ya mama inavuka kwenye kondo kwa wingi miezi mitatu ya mwisho, na wako hiyo miezi kaikosa sehemu kubwa. Sindano zenyewe mbili ni Penta, ya magonjwa matano, na PCV. Penta ina kinga ya bakteria anayeitwa Hib, PCV inazuia bakteria anayeitwa nimokoka, na hao bakteria wawili ndo wanaleta nimonia kali na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo, halafu vumbi na upepo wa Dodoma tunaujua, nyumba nzima inakohoa.

Kuhusu mapaja, mwambie mama mkwe kwa upole kwamba sindano moja paja hili nyingine lile, na dozi ni nzima, usikubali mtu akate nusu eti mtoto mdogo. Kilo sio kigezo hapa, cha muhimu awe ananyonya vizuri na hali yake imetulia. Wale waliozaliwa chini ya wiki 28 ambao bado wako wodini wanachanjwa na kuangaliwa siku mbili tatu sababu wengine pumzi inakatika kidogo, wako hayupo huko.

Kwa hiyo wiki hii hii rudi na kadi, ukikataliwa omba kuongea na mganga mfawidhi au nenda kliniki ya hospitali mliyolazwa, chanjo ni bure popote. Ya pili itakuja baada ya wiki 4, na ya tatu wiki 4 zingine.

Akichomwa anaweza kulialia na kuchemka kidogo usiku, nyonyesha tu, dawa ya homa usimpe kwa kukisia. Ila akigoma kunyonya, akiwa wa baridi au mlegevu, akipumua kwa shida, wahi hospitali hata saa nane usiku. Kuna bakteria wa vichanga ambao chanjo hizi haziwagusi kabisa, kwa hiyo wageni wanaokuja kumuona wanawe mikono kwa sabuni kwanza, na wenye mafua wamsalimie wakiwa mlangoni, hata kama ni shemeji.