Alichotumbukiza Baba Yako Kaburini

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza jambo moja: siku ile tulipomzika baba yako mkubwa, baba yako alitumbukiza nini kaburini? Unasema ulikuwa umeshika kiti chake cha magurudumu, ukauona mkono unatoka ndani ya koti, ukasikia kitu kimegonga jeneza, na mpaka naye anatutoka hukupata ujasiri wa kumuuliza.

Ni kidato cha ngazi. Kile kile. Habari ya ngazi sina haja ya kuirudia, umekua nayo. Ulipokuwa mdogo ulidhani Ngazi ni mtu, ukaniuliza kwa nini haji kuomba msamaha. Kidato chenyewe baba yako alikiviringisha kwenye gazeti akakiweka juu ya kabati, na kila tulipohama nacho kilihama. Alikiita ushahidi. Ushahidi wa kesi gani, mbele ya hakimu gani, hakusema.

Basi swali lako nimelijibu. Lakini mtu haandiki kurasa tatu kwa ajili ya kipande cha mti. Wewe unataka nikwambie kama walipatana, na unataka kujua sasa kwa sababu wewe na mdogo wako mmeanza kusalimiana kupitia kwangu. "Mama, mwambie." "Mama, muulize." Hiyo kazi nimeifanya kwa wakubwa zenu, naijua vizuri, haina mshahara wala likizo.

Mimi nasema siku zote: ndugu hawapatanishwi, huchoka. Wazee walikaa nao vikao, marafiki waliwavizia kwenye harusi, mimi mwenyewe niliwahi kuwaketisha meza moja, wakala kwa adabu kama abiria wasiojuana. Haikusaidia kitu. Nikasema, waacheni, chuki ni mzigo, siku moja mmoja ataishiwa nguvu ataitua. Nikakaa nikingoja wachoke. Wakazeeka, lakini kuchoka hawakuchoka.

Ya kaburi pia unaijua, ingawa nadhani uliichukulia kama utani. Ubavuni mwa bibi yako palikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, na kila mmoja wao aliandika kwenye wosia wake kwamba ni yake. Nilimwambia baba yako: mnagombea kitu ambacho atakipata anayekufa kwanza, kwa hiyo kama unakitaka sana, harakisha. Hakucheka. Yeye alitaka yote mawili, afe wa mwisho na azikwe wa kwanza. Alimwendea wakili na kifungu alichokiandika mwenyewe, kwamba nafasi ile isiguswe mpaka yeye atakapokuwa tayari, hata kama kaka yake ametangulia. Wakili, kijana mwenye heshima zake, akamuuliza kama huyo atakayetangulia asubiri akiwa wapi. Baba yako akamjibu kwamba hilo ni juu ya familia ya marehemu.

Sasa nikupe ambayo huijui.

Figo za baba yako mkubwa zilipofeli, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila zamu, ndugu wakaambiwa anayeweza akapimwe. Baba yako alisikia, akafungua ukurasa wa michezo. Wiki iliyofuata akaniaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno. Mwanangu, meno yake ya mwisho yalikuwa yameng'olewa wewe ukiwa shuleni. Nikamfuata.

Nilimkuta ameketi mbele ya daktari, mkono umeshatolewa damu, anaelezwa habari za tishu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja amechukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo ipo nafasi moja kati ya nne kwamba watafanana kikamilifu, mbili kati ya nne kwamba watafanana nusu, na moja kati ya nne kwamba hawatafanana hata kidogo. Hiyo ya mwisho ilimpendeza sana. "Sisi ndio hao," akamwambia daktari. Majibu yalipotoka, walikuwa wamefanana kikamilifu. Sijawahi kuona mtu akipokea habari njema kwa uso ule. Aliuliza kama kipimo kinaweza kurudiwa.

Daktari, akidhani anamtia moyo, akamsimulia habari za Boston, za ndugu wawili pacha, Ronald na Richard Herrick. Tarehe 23 Desemba 1954 Ronald alimpa Richard figo moja, na huo ndio upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa. Daktari wao mpasuaji, Joseph Murray, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Usiku wa kuamkia upasuaji mgonjwa alimwandikia mwenzake kikaratasi: ondoka, rudi nyumbani. Mwenzake akamjibu kwamba ameshafika na haondoki. Richard aliishi mpaka mwaka 1963. Ronald, na figo yake moja, aliishi mpaka mwaka 2010. Mimi machozi yalinitoka pale kwenye kiti. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao hawajawahi kuazimana ngazi."

Njiani nilimuuliza: kama bado unamchukia, umekwenda kufanya nini? Alitembea kwanza, nikadhani hatajibu. Kisha akasema, "Safari hii nataka nimwazime kitu asichoweza kukirudisha kimevunjika."

Nililicheka lile neno mpaka nikashika ukuta. Usiku ndipo lilipoanza kuniuma, na bado linaniuma mpaka leo, kwa sababu sijui nilicheka nini.

Haikufika huko. Anayetoa figo hupimwa mwili mzima, wakampima na moyo, moyo ukamkatalia. Alikwenda kutoa figo akarudi na ugonjwa wake mwenyewe. Akaniapisha nisiseme. Habari ya moyo aliisimulia kwa kila aliyemsalimia. Nilichoapishwa nisiseme ni kwamba wamefanana.

Unakumbuka walivyolazwa wiki moja. Wewe ulikuja jioni, ukaona wazee wawili wamepeana migongo, ukaondoka na huzuni. Mchana hukuuona. Kaka mtu aliruka zamu ya mashine kwa ubishi, mwili ukajaa maji. Mdogo mtu moyo ulishindwa kusukuma, maji yakapanda kwenye mapafu, akawa halali ila kwa kuegemea mito. Muuguzi aliona jina la ukoo ni moja, akawapa vitanda jirani akidhani anawafanyia hisani. Akawauliza, nyie ni ndugu? Mmoja akasema, "Majina yamegongana tu." Mwingine akasema, "Hata mimi nimeshangaa."

Wote wawili walipewa maji kwa kipimo, maana figo zilizokufa hazitoi maji na moyo mchovu hauyasukumi, ukizidisha yanakurudia miguuni na kifuani. Na hapo, mwanangu, ndipo walipopata kazi ya kufanya. Kila mmoja alihesabu vikombe vya mwenzake. "Sista, huyo bwana wa dirishani ameongeza kikombe." "Sista, huyo wa mlangoni amekunywa mchuzi wote, na mchuzi ni maji." Walishitakiana usiku na mchana. Daktari alisema hajapata kuwa na wagonjwa wanaofuata masharti kama wale. Miguu yao ilinywea siku moja, wakaanza hata kushindana ya nani imenywea zaidi, kila mmoja akiinua shuka bila kusema kitu ili mwenzake aone.

Unaitaje hiyo? Mimi naweza kusema ni chuki, na nina mashahidi. Naweza kusema vinginevyo, na mashahidi ni wale wale.

Siku moja baba yako akaamua kusimulia, akiiambia dari, habari za ndugu wawili wa Ujerumani, Rudolf na Adi Dassler, wa mji mdogo wa Herzogenaurach. Kiwanda chao kimoja cha viatu vya michezo kilikuwa kimemvalisha Jesse Owens kwenye Olimpiki ya mwaka 1936. Wakagombana, mwaka 1948 wakagawana, mmoja akaanzisha Puma na mwingine Adidas, na mji mzima ukagawanyika nao, watu wakawa wanatazamana viatu kabla ya nyuso. Wamezikwa makaburi yale yale, mmoja pembe hii, mwingine pembe ile ya mbali. Baba yako aliipenda sana sehemu hiyo ya pembe. Akamalizia kwa kusema aliyekufa kwanza ni mdogo.

Kimya. Halafu pazia likasema, "Sista, mwambie huyo bwana kwamba Rudolf ndiye mkubwa, na ndiye aliyekufa kwanza, mwaka 1974. Mdogo alifuata mwaka 1978."

Muuguzi hakuwepo. Nilikuwepo mimi peke yangu, nimekaa katikati. Niliona baba yako anafanya hesabu, na nina hakika ng'ambo ya pazia hesabu ilikuwa inafanywa vilevile. Baba yako akasema taratibu, "Basi kama huo ndio utaratibu." Upande wa pili ukakohoa, na mimi namjua shemeji yangu, hakikuwa kikohozi. Alikuwa anacheka.

Siku iliyofuata, baba yako akiwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua, shemeji aliniita. Akaniambia anasikia kuna mtu alikwenda kupimwa. Nikajifanya sielewi. Akasema, "Shemeji, walinitoa damu wakasema wanalinganisha. Walikuwa wanalinganisha na ya nani, ya jini?" Sikujibu, nilikuwa nimeapa. Alikaa akitazama dirisha, kisha akanituma. Akasema nimwambie mume wangu kwamba ngazi haikuvunjwa na yeye, ilivunjwa na fundi.

Miaka yote ile, mwanangu. Miaka yote ile angeweza kulisema!

Nililibeba lile neno kwa mikono miwili. Baba yako aliporudishwa kitandani nikamwinamia nikamnong'oneza. Alifumba macho, nikaona kidevu kinatetemeka, nikasema leo ndiyo leo. Akafumbua akauliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Fundi alikuwa wa nani?"

Hapo ndipo nilipokwambia kwenye simu kwamba nimewachoka wote wawili. Wewe ulidhani ni uchovu wa kukesha.

Mengine uliyaona. Shemeji alitangulia, kwa utaratibu wa Wajerumani, na nafasi akaichukua yeye. Pale makaburini baba yako alisema "Kaniwahi," na kila mtu akamhurumia, wakadhani ni majonzi. Kile kidato alikuwa amekichukua asubuhi hiyo mwenyewe juu ya kabati, kwa hali ile ya moyo, akasimama juu ya stuli. Laiti angeanguka tungezika wawili.

Umeniuliza ni nini, hukuniuliza maana yake, lakini najua unaizunguka. Labda alimrudishia: chukua ushahidi wako, kesi imefutwa. Labda alimfungasha: nenda nao, tutaendelea huko. Nimeigeuza hii usiku mwingi. Nikiamka nimelala upande wa kulia naona moja, upande wa kushoto naona nyingine. Lipo na hili la maji. Baada ya msiba baba yako alianza kuzidisha vikombe. Nilimgombeza, nikavificha, akavitafuta. Miguu ikajaa tena. Hakukuwa na mtu wa kumshitaki ila mimi, na mashitaka yangu hakuwahi kuyaogopa. Ukitaka kusema ni huzuni, sikuzuii. Ila naye alikuwa mtu wa kiu tangu ujana, na mwaka ule joto lilikuwa kali.

Na lipo la wosia. Kile kifungu alikifuta, akaandika azikwe kule mwisho, ukutani, mbali na wote. Nikamuuliza, ndiyo pembe ya Wajerumani hiyo? Akasema kule kuna kivuli.

Unaona ninavyopata tabu. Nasema ndugu hawapatanishwi, huchoka, na bado nalisema, lakini hawa walikuwa na nguvu mpaka pumzi ya mwisho, na kama hawakuchoka basi ama mimi nimekosea kuwajua, ama kulikuwa na jambo jingine mle ndani ambalo halikuitwa jina. Ninalo jibu langu. Liko hapa kwenye ncha ya kalamu, na ningependa sana kuliandika, kwa sababu nimelitafuta kwa gharama. Lakini nakujua. Nikisema walipatana, utamwambia mdogo wako kwamba mambo hujimaliza yenyewe, utakaa ukingoja. Nikisema hawakupatana, utasema ndiyo damu yenu, utakaa vilevile.

Yeye naye ameniandikia wiki hii. Ameuliza kile kitu kilikuwa nini. Nimemwambia akuulize wewe.

Dawa yangu ya presha nimeshakunywa, kwa hiyo usipige simu kwa ajili hiyo.

Mama yako.