Nisome kitabu gani kuhusu kurekodi na kumiksi?

SWALI: Habari zenu. Narekodi nyumbani, nina kompyuta, maiki moja na spika mbili ndogo. Nyimbo zangu chumbani zinagonga vizuri ila nikizipiga kwenye gari la mtu besi hamna kabisa. Video nimeangalia mpaka nimechanganyikiwa, huyu hivi yule vile. Nisome kitabu gani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kama uwezo wako ni kitabu kimoja tu, chukua Mixing Secrets for the Small Studio cha Mike Senior, kilitoka 2011 na toleo la pili lipo, maana kinaanzia palepale panapokuuma. Sisi wengi tukitaka kujifunza miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo, tunakimbilia kompresa, kile kifaa cha kubana sauti kubwa zikaribiane na ndogo, yeye kompresa anaileta huko sura ya 9, kabla ya hapo anahangaika na spika unaziweka wapi, chumba kinakudanganya vipi, masikio unayazoeza vipi. Kila sura ina mazoezi mwishoni, usiyaruke hayo.

Mimi palinifungua pale anapokwambia usikilize kwa spika moja ndogo, mono, yaani kushoto na kulia zimeunganishwa kuwa sauti moja. Nilikuwa na wimbo gitaa nimelikopi, moja kushoto nyingine kulia nimeichelewesha kidogo, likasikika pana balaa, kuweka mono tu mawimbi ya sauti ya zile kopi mbili yakafutana na gitaa likawa jembamba kama linapigwa ndani ya kopo. Nikalirekodi upya, nikalipiga mara mbili kwa mkono, likakaa.

Sasa hiyo besi yako. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwahiyo wimbi la hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, besi ya chini hiyo, lina urefu wa kama mita 7, na chumba chenye mita tatu na nusu toka ukuta mpaka ukuta kinabeba nusu yake kamili, wimbi linagonga kuta na kujirudia palepale, basi ukikaa karibu na ukuta hiyo hezi 50 inavimba, ukikaa katikati inapotea. Nahisi wewe umeegemea ukuta, unasikia besi nyingi unaipunguza, halafu kwenye gari haipo. Haya yote yamo kwenye Master Handbook of Acoustics cha F. Alton Everest, cha toka 1981, kizito kweli na hesabu zimo, we soma tu sehemu za vyumba vidogo na vitu vya kunyonya sauti.

Kwa upande wa maiki huyohuyo Senior ana Recording Secrets for the Small Studio. Mastering Audio cha Bob Katz ni kizuri sana ila kiache kwanza, masta, ule usafishaji wa mwisho wa wimbo baada ya miksi, haiwezi kuokoa miksi iliyotengenezwa kwenye chumba kinachodanganya. Na cha kusoma jioni ukiwa umechoka ni Behind the Glass cha Howard Massey, mahojiano na maprodyuza wakiwemo kina George Martin, prodyuza wa Beatles, nao wanapingana kama hao wa kwenye video, ila humu kila mmoja anakueleza kwanini anafanya hivyo.

Kabla hujanunua chochote sogeza kiti chako mbali na ukuta, piga wimbo uleule kwa sauti ya chini, halafu tuandikie besi imekuwaje.