Barua kwa mwanangu: Ekari mbili za Kisesa

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Umeuliza hivi: "Mama, ulitulea ukisema ulisoma kwa bidii ili ulikimbie jembe. Mbona sasa kila kitabu mezani kwako ni cha kijijini na cha kulima? Au unatamani kurudi shamba, unaona haya kusema?" Kisha dada yako akaropoka kwamba mnachangishana mninunulie ekari mbili Kisesa. Nikaona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

Sitaki ekari mbili. Sitaki hata robo.

Jembe nalijua. Shamba letu lilikuwa na luseni kwa juu, ule mchanga mwepesi ambao hata mtoto anautifua, na huko bondeni mbuga nyeusi. Mbuga ikilowa inang'ang'ania jembe hadi ulibandue kwa mguu, ikikauka inapasuka nyufa ambazo ndama anaweza kuvunjikia mguu. Matuta tuligawiwa kwa umri. Mimi nilikuwa wa tano kati ya watoto tisa, kwa hiyo sikuwa mdogo wa kuhurumiwa wala mkubwa wa kuamuru. Msimu wa kuchuma pamba, ncha za maganda makavu zilikuwa zinachanja pembeni ya kucha, na jioni tunakaa chini kuchambua, safi huku, fifi, yaani ile chafu ya daraja la chini, kule, na ole wako fifi ikutwe kwenye gunia la safi. Siku barua ya kuchaguliwa sekondari ilipofika sikulia kwa furaha kama wanavyolia watoto wa siku hizi. Nilienda kulala saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo hapo uko sawa, nilikimbia. Lakini ngoja nikueleze kitu nilichokiona kwa bibi yako.

Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha huku Kanda ya Ziwa mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vinavyohusu kazi zao. Wengine walisomea ndizi, wengine uvuvi, sisi pamba. Mradi wenyewe ulikwisha lakini madarasa yaliendelea, na bibi yako alijiunga nikiwa na miaka kama kumi na moja. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, saa tisa alasiri, na mimi nilikuwa namshikia mdogo wangu asimsumbue. Nakumbuka kidole chake cha shahada chenye ufa uliojaa udongo mweusi, kikitambaa chini ya herufi, pa, li, li, a. Alipoliunganisha neno akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. "Mwalimu, nimetoka kupalilia sasa hivi, na karatasi nayo inanituma tena!" Darasa zima likaangua kicheko.

Kesho yake tulikuwa shambani. Akasimama katikati ya tuta, jembe begani, akatamka kwa sauti, pa-li-li-a, akiangalia miche kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni. Alikuwa amepalilia miaka zaidi ya ishirini. Mimi nilidhani jua limempata.

Sasa hivi namwelewa. Ukiwa unalima unaona futi tatu za mbele yako, na mgongo wa aliyekutangulia. Mimi palizi niliijua kwa kiuno. Kuijua kwa macho kumenijia uzeeni, nikiwa nimekaa kwenye kiti, miguu juu ya stuli, chai pembeni, na hakuna mtu wa kuniita.

Kitabu kilichoniambukiza ugonjwa huu unakijua kwa jalada, kile ulichokuwa unakiwekea madaftari juu ukiwa darasa la tatu. Nilikipata Ukerewe nilipopangiwa kufundisha Nansio mwaka 1986. Mwandishi wake, mzee Aniceti Kitereza, alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na kisiwani watu bado walimzungumzia kama jirani. Aliandika hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, na hakuna aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja. Akaanza upya, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka kikiwa na tarehe ya 1980. Yeye akafa 1981 kabla nakala haijamfikia mkononi. Miaka thelathini na tano mtu anasubiri! Mimi nikisubiri pasi ya umeme itoke kwa fundi wiki mbili nanuna.

Hadithi yenyewe ukiisimulia haraka haijazi kiganja. Mke hajazaa, wazazi wake wanamchukua, mume anakwenda kumwomba kwa wakwe, anatozwa pombe ya ndizi. Basi hapo kwenye pombe ndipo Kitereza anapokukalisha chini. Haruki hatua hata moja ya upikaji. Wasomi wengine wanalalamika kwamba hadithi inasimama. Mimi nasema waacheni ndizi ziive. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilikuwa nasahihisha mitihani, nikaacha kalamu, nikajikuta nanusa nyumba ya babu yangu. Hakuna mahali mzee yule anapokuambia kijijini ni kuzuri. Anakuonyesha tu kazi ilivyofanywa na waliokuwa wakiifanya walisemezana nini.

Hicho ndicho ninachokitafuta katika hivi vingine. Na nina kipimo changu. Nikifungua kitabu cha shamba nikakuta kurasa hamsini bila mdudu, bila jua kali, bila mtu aliyekosea, nakirudisha. Mwandishi huyo alikuwa anapita na gari. Wewe ulikuwa hujazaliwa dumuzi, yule mdudu anayebungua mahindi, alipoingia nchini kupitia Tabora, akitokea huko Amerika ya Kati. Bibi yako alifungua kihenge akatia mkono, ukatoka mweupe. Mahindi yamegeuka unga ndani ya maganda yake. Hakusema neno, aliupuliza ule unga kiganjani, akaenda kwa jirani kuuliza kama na kwake ni hivyo.

Ndiyo maana yule Mjapani uliyeniletea, Masanobu Fukuoka, nilimpenda ingawa mengine anayosema siyakubali. Ameacha kazi ya maabara Yokohama, amerudi kwa baba yake, ameamua miti ya machungwa ijiendeshe yenyewe bila kupogolewa. Ikafa. Na anakiri, tena mapema. Nilivyosoma hapo nilimsikia babu yako akisema, "Huyu msomi kamaliza miti ya mzee wake." Baadaye alifanikiwa kulima mpunga bila kutifua ardhi, sawa, lakini namsikiliza kwa sababu ya ile miti. Mbuga yetu angeiweza? Labda, lakini angeanza kwa kuomba msaada wa kubandua jembe.

Usinielewe vibaya kuhusu shamba. Wanaolima nawaheshimu, na nyanya nikinunua sokoni sibishani sana bei, umeniona. Ila mtu anaweza kupenda kusoma habari za bahari bila kununuliwa mtumbwi.

Kwa hiyo hela za Kisesa rudishianeni. Kaka yako ana ada, na wewe una ile bati ya jikoni inayovuja. Kama mmeshaazimia lazima nipate kitu, kipo. Juzuu la pili la Kitereza wangu aliliazima mwalimu mwenzangu mwaka juzi, akahamia nalo Geita. Kila nikimpigia anasema hajamaliza, yuko katikati. Basi lako la kutoka Bukoba linapita hapo hapo. Shuka, nitakutumia namba yake, mwambie nimesema asome haraka au alete nimalizie mimi. Na ukiona michembe mizuri njiani, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ninunulie kilo mbili, lakini utafune kimoja kwanza, ile ya mara iliyopita ilikuwa na mchanga.

Mama yako