Tani za kwenye karatasi haziruki Luano

SWALI: Papa Mhandisi, jambo sana. Mimi ni mwanafunzi wa politekniki hapa Lubumbashi, na darasani tunaandaa mjadala: jeshi dogo la anga la nchi kama yetu, lenye fedha chache, lichague ndege gani za kubeba mizigo na za kufanya doria juu ya maji? Wenzangu wengi wanasema C-295 moja, ndege ya mizigo ya Airbus yenye injini mbili, inamaliza kazi zote mbili, kwa kuwa inabeba tani 9 na inakaa hewani zaidi ya saa 8. Wengine wanasema kwa fedha hizo tungepata Antonov kadhaa zilizotumika, zile za mizigo za Kisovieti. Mjomba wangu, mfanyabiashara wa samaki Kalemie, yuko upande wa Antonov. Na droni je, haziwezi kufanya doria yote?

JIBU: Mwanangu, tani 9 ni kweli na saa 8 ni kweli, ila haziwezi kuwa kweli katika safari moja. Hili naletewa kila mara, na karibu kila mara limetoka kwa dalali aliyeshika karatasi ya matangazo ya kiwanda na kusoma namba kubwa kuliko zote katika kila mstari. C-295 ina uzito wa juu wa kurukia wa tani 23 na kidogo. Ikiwa tupu ina tani 11 hivi. Matangi yakijaa ni tani 6 nyingine. Ongeza tani 9 za mzigo, umeshafika tani 26 kabla rubani hajapanda. Kwa hiyo anayetaka tani 9 anapunguza mafuta, na anayetaka saa 8 anaacha mzigo nyuma.

Antonov An-26 inayosifiwa na mjomba wako ina hesabu ileile. Watakuambia inabeba tani 5.5 na inafika kilomita 2,500. Masafa hayo ni ya matangi yaliyojaa na mzigo uliopunguzwa. Ikibeba tani zake zote, inafika kilomita 1,100 hivi. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,550. Kalemie ni karibu zaidi, kama kilomita 660, lakini rubani anayekwenda Kalemie wakati wa mvua lazima awe na mafuta ya kugeuza na kutafuta kiwanja kingine iwapo mawingu yamefunga. Mafuta hayo ni uzito, na uzito huo unatoka kwenye magunia.

Hapo bado tumo kwenye karatasi. Karatasi ya kiwanda hudhani ndege iko usawa wa bahari na joto ni nyuzi 15. Katika Kongo nzima usawa wa bahari tunao kule Muanda tu, na hata huko mchana hautapata nyuzi 15. Uwanja wetu wa Luano uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,300. Chukua mchana wa Oktoba, joto likiwa nyuzi 33: hewa inakuwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa karibu mita 2,300 katika hali ya kawaida ya vitabu. Uzito wa hewa hiyo umepungua kwa asilimia 20 ukilinganisha na ile ya karatasi. Bawa lina hewa kidogo ya kulibeba, propela ina hewa kidogo ya kushika, na injini ina hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Ili bawa libebe uzito uleule, magurudumu lazima yakimbie kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 12 hivi kabla hayajaachana na ardhi, na injini inayotakiwa kuyafikisha huko imedhoofika. Goma na Kavumu ya Bukavu ni juu zaidi: Goma imepita mita 1,500, Kavumu imepita 1,700.

Wanafunzi wengi huniambia, basi tutafute njia ndefu ya kurukia. Urefu unasaidia, lakini kwa ndege yenye injini mbili kinachopunguza mzigo mara nyingi ni swali jingine: injini moja ikizimika wakati mbaya kuliko wote, ile iliyobaki inaweza kuendelea kupandisha ndege? Kuna kasi ya uamuzi ambayo rubani akishaipita hafungi breki tena, kwa sababu njia iliyobaki haimtoshi kusimama. Kuanzia hapo lazima aruke, hata kwa injini moja. Kanuni za Marekani na Ulaya kwa ndege kubwa za abiria zenye injini mbili zinataka, magurudumu yakishakunjwa, ndege iweze kupanda angalau asilimia 2.4 kwa injini moja. Yaani kila mita 1,000 za kwenda mbele, ipande mita 24. Ni kidogo sana. Sasa simama Kavumu, tazama milima inayouzunguka uwanja, uone kama mita 24 kwa kila kilomita zinakutosha upande wowote. Ndiyo maana rubani makini hufungua chati za kitabu cha ndege, akasoma mwinuko, joto, upepo na mteremko wa njia, kisha akasema leo tunabeba tani kadhaa pungufu. Dalali hana chati hizo. Na kama anazo, hazifungui mbele yako.

Nakasirika kwa sababu nchi hii imeshaonyeshwa matokeo yake. Januari 1996, Antonov An-32 iliyozidishwa uzito ilishindwa kuruka kwenye uwanja wa N'Dolo mjini Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita na kuua zaidi ya watu 200, karibu wote wakiwa sokoni na si ndani ya ndege. Na hiyo An-32 ndiyo iliyoundwa kwa ajili ya viwanja vya juu na vya joto, kwa maombi ya India, ikapewa injini zenye nguvu nyingi kuliko za An-26. Ndege iliyoumbwa kwa hali ngumu, ikiongezewa uzito kupita chati, inaanguka kama nyingine yoyote. Aprili 2008, ndege ya abiria ya DC-9 ilishindwa kuruka Goma, kwenye njia iliyokuwa imefupishwa na lava ya volkeno ya Nyiragongo ya mwaka 2002, ikaingia mtaa wa Birere. Ukisikia mtu akisema chati ni mambo ya wazungu na sisi tunajua ndege zetu, ondoka hapo.

Nirudi kwenye uchaguzi wako. Anza na kiwanja kigumu kuliko vyote utakachotua, mwezi wa joto kuliko yote, kisha mzigo ambao huwezi kuugawa. Mzigo wenyewe unaweza kukuamulia. Ndani ya C-295 kuna kimo cha mita 1.90, na ambulansi ya Land Cruiser inazidi hapo. C-27J Spartan, ndege ya mizigo ya Italia, ina kimo cha mita 2.60, na injini zake, kila moja ikiwa na nguvu farasi 4,600 hivi, zinazidi sana zile za C-295 zenye takribani 2,650, ingawa ndege yenyewe pia ni nzito zaidi. Lakini sehemu yake ya mzigo ni fupi, mita 8.6 dhidi ya 12.7 za C-295, na bei yake, pamoja na mafuta inayokunywa, ni ya ndege kubwa. Zambia, jirani yetu wa karibu kabisa, inarusha C-27J, na Kenya pia. Angola iliagiza C-295 tatu mwaka 2022, moja ya usafirishaji na mbili za kulinda bahari. Angola ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,600. Sisi tuna kipande kidogo cha Atlantiki kule Muanda, na maji yetu mengi ni maziwa.

Na doria juu ya ziwa haitaki ndege ya bahari kuu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, lakini upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50. Rada iliyo mita 3,000 juu ya maji inaona upeo wa zaidi ya kilomita 200, maana yake ukipita katikati unazifikia pwani zote mbili na ziada. Ugumu ni kwamba mitumbwi na boti nyingi za ziwani ni za mbao, mbao hairudishi vizuri mawimbi ya rada, na wengi hawana kifaa cha kujitambulisha kama meli kubwa. Kinachohitajika ni kamera nzuri ya mchana na ya joto la usiku, watu waliofunzwa kuitazama, na ndege ndogo isiyogharimu sana kwa saa ili iruke mara nyingi. King Air, ndege ndogo ya injini mbili, inafaa zaidi pale penye lami nzuri. Bawa lake liko chini na propela ziko karibu na ardhi, kwa hiyo kwenye viwanja vya laterite (udongo mwekundu) na changarawe inahitaji tahadhari zaidi. Twin Otter, nyingine ndogo ya injini mbili lakini yenye bawa la juu, inakubali viwanja hivyo, na Vietnam inaitumia kwa doria ya bahari.

Kuhusu ndege moja kwa kazi zote mbili, tazama waliofanya kweli. Ureno ilinunua C-295 kumi na mbili, tano kati yake zikiwa zimeandaliwa kwa doria. Ireland iliagiza mbili za doria, ikazipokea mwaka 2023, na ikaagiza nyingine moja ya usafirishaji. Wote walichagua aina moja ya ndege, wakatenganisha kazi. Marubani wanafunzwa mara moja, mafundi wanajua injini moja, vipuri vinakaa ghala moja. Kuwa na ndege moja tu ni kukaa bila ndege kila inapoingia ukaguzi mkubwa, na ukaguzi huo hauulizi kama kuna vita au mafuriko. Nikipewa fedha chache ningenunua mbili ndogo za aina moja kabla ya kununua moja kubwa ya kujivunia, na fungu la vipuri na mafunzo ningelitenga kabla ya kusaini ndege yenyewe.

Antonov zilizotumika sizichukii. An-26 ina mlango wa nyuma unaoshuka, bawa la juu, na kiinjini cha jeti cha RU-19 katika kizimba cha injini ya kulia kinachosaidia wakati wa kuruka. Lakini utengenezaji wake ulikoma miaka ya 1980, na ndege za Kisovieti zina ukomo wa umri uliowekwa kwa saa, kwa idadi ya kutua na kwa miaka ya kalenda. Ukomo huo huongezwa na wasanifu baada ya ukaguzi, kwa maandishi. Muuzaji anayekuonyesha rangi mpya na viti vipya bila madaftari ya ndege, ya injini na ya propela anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege bila daftari hupotea na watu wake.

Droni zinafaa kukaa muda mrefu juu ya sehemu moja, lakini zinahitaji mawasiliano, kituo na mafundi kama ndege, na hazibebi mgonjwa wala kumwangushia boti ya uokoaji mtu anayezama.

Ninayemfikiria zaidi ni mjomba wako. Jeshi likikosea ununuzi, kuna kamati za kuulizwa. Mfanyabiashara anapanda juu ya magunia yake, hana wa kumuuliza, na anaambiwa ndege hii hubeba tani 5.5 siku zote. Mashirika ya ndege yaliyoidhinishwa na mamlaka yetu yamezuiwa kuingia anga ya Umoja wa Ulaya tangu 2006, na sababu ni usimamizi wa usalama, mambo haya haya ya uzito, karatasi na ukaguzi. Kabla hajapanda, aombe kuona karatasi ya uzito ya siku hiyo, yenye joto la siku hiyo na sahihi ya rubani, na magunia yapimwe mbele yake. Samaki wabichi wenye barafu ni wazito kuliko wakavu, na maji ya barafu hupimwa pia. Ndege iondoke alfajiri, kabla joto halijapanda. Akijibiwa kwamba mizani imeharibika, ashushe samaki wake.