Maswali na majibu: Bill Evans kwenye santuri mpya

Safu ya mwezi uliopita ilihusu Waltz for Debby, albamu ya mpiga piano wa jazz Bill Evans, ambayo kampuni ya Craft Recordings iliirudisha sokoni mwaka 2023 kwenye santuri. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua haya.

Nina CD ya albamu hiyohiyo. Kwa nini nitoe pesa nyingine kwa santuri? (Msomaji, Mombasa)

Kama CD yako inakutosha, endelea nayo kwa amani. Lakini sikia habari ya siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 25 Juni 1961, ndani ya Village Vanguard, klabu iliyo chini ya ardhi jijini New York. Evans alikuwa kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye dramu. Walipiga awamu tano, mbili mchana na tatu usiku, na kampuni ya rekodi ya Riverside ikazirekodi zote huku wateja wakinywa na kuzungumza kama kawaida yao. Toleo la 2023 limekatwa, yaani mifereji ya sauti imechongwa, na fundi Kevin Gray kutoka kwenye kanda asilia, bila sauti kugeuzwa kuwa ya kidijitali njiani.

Weka sindano kwenye “My Foolish Heart” taa zikiwa zimezimwa. Brashi za Motian zinapita juu ya ngozi ya dramu kama mtu anayefagia ua alfajiri, taratibu, asiamshe wenye nyumba. Mahali fulani nyuma, glasi inagonga glasi. Kwenye nakala nzuri glasi ile ina mahali pake, ina umbali, unaweza kuielekezea kidole. Kwangu mimi hicho ndicho unacholipia.

Santuri ya gramu 180 ina sauti bora kuliko nyepesi?

Hapana. Uzito unaisaidia santuri isipinde kirahisi, na mkononi unapendeza. Sauti inatokana na kanda iliyotumika, mkono wa aliyekata, na uangalifu wa kiwandani. Nina santuri nyembamba za zamani zinazoimba vizuri mno.

Shikamoo mwalimu. Nimenunua santuri mpya ya piano, lakini noti ndefu zinayumba, zinapanda na kushuka. Santuri zangu za gitaa na za taarabu hazifanyi hivyo. Je, mota imechoka? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Usiifungue mota kwanza. Chuchumaa macho yako yawe sawa na sahani, uitazame ikizunguka, kisha tazama kichwa cha sindano. Je, mkono wa sindano unakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, mara moja kwa kila mzunguko? Kama ndivyo, tundu la katikati halikutobolewa katikati. Mfereji unasogea karibu na kitovu, kisha unasogea mbali, na kasi inayopita chini ya sindano inabadilika nao. Kosa la milimita moja tu linasikika.

Piano ndiyo inayolifichua kosa hili kuliko ala nyingi. Sauti ya mwimbaji ina mtetemo wake wa asili, na mpiga fidla huutia kwa kidole, kwa hiyo sikio linasamehe. Noti ya piano ikishapigwa, mpigaji hana namna ya kuipandisha wala kuishusha. Inatakiwa ibaki palepale mpaka ife. Ikiyumba hata kidogo, tumbo linajua kabla ya sikio. Mimi mwenyewe nilirudisha nakala mbili za albamu moja kwa sababu hiyo, na muuzaji akanibadilishia. Nawe rudisha bila kuona haya. Hiyo ni kasoro ya kiwanda.

Kwa nini matoleo mengine yanagawa albamu moja kwenye sahani mbili za mizunguko 45 kwa dakika?

Kwenye mizunguko 33 na theluthi, sindano hupitia karibu nusu mita ya mfereji kwa sekunde pale ukingoni. Ikifika karibu na lebo, hupitia sentimita 20 hivi tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande huweza kukwaruza piano inapopigwa kwa nguvu. Mizunguko 45 inaongeza nafasi hiyo kwa zaidi ya theluthi. Gharama yake ni kuinuka kitini mara nyingi zaidi. Kwa albamu ya utulivu kama hii, mimi nachagua 33.

Nitajuaje kwamba kweli imetoka kwenye kanda?

Tafuta maelezo ya kampuni yanayotaja chanzo na jina la aliyekata. Mwaka 2022 ilibainika kwamba matoleo ghali ya kampuni moja ya Marekani, yaliyosifiwa miaka mingi, yalikuwa yamepitia hatua ya kidijitali. Sauti yake ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Kilichouma ni kwamba wateja hawakuambiwa.

Jalada linaota ukungu huku pwani.

Zisimamishe santuri wima, mbali na ukuta wa nje, na badilisha mifuko ya ndani ya karatasi kwa ya plastiki laini. Sahani yenyewe ioshe kwa maji yaliyotoneshwa (distilled water), usilowanishe lebo.

Kwa nini mashabiki wakimtaja LaFaro wanakuwa kama wako matangani?

Kwa sababu siku 11 baada ya Jumapili ile, tarehe 6 Julai 1961, alikufa kwenye ajali ya gari katika jimbo la New York. Alikuwa na miaka 25. Mtayarishaji Orrin Keepnews na Evans walichagua kwanza nyimbo zilizombeba yeye zaidi, mbili kati yake alizitunga mwenyewe, zikatoka kama Sunday at the Village Vanguard. Waltz for Debby ilifuata na nyimbo nyingine za siku hiyohiyo.

Sikiliza wimbo unaoipa albamu jina, ambao Evans alimtungia binti wa kaka yake. Mwanzoni piano inakwenda kwa mapigo matatu, kama inambembeleza mtoto, na besi inajibu pembeni. Kisha mapigo yanageuka kuwa manne, na LaFaro hashiki nyuma kama wapiga besi wengi wa wakati ule. Anaingia katikati ya sentensi ya Evans, anaimalizia, anaanza yake. Na watu wa mezani wanaendelea kuzungumza.